Bluzi Nyeupe Niliyoivaa Bila Kuisomea

Mwanangu Kavira, ipo siku moja ninayoikumbuka kuliko hata siku ya ndoa yangu, na hapa Goma hakuna mtu aliyewahi kuisikia yote kutoka kinywani mwangu. Mama yako, dada yangu wa tumbo moja, haijui. Mke wangu anajua nusu. Leo naiandika kwa mkono wangu mwenyewe, na kama utakuta herufi zimepinda utanisamehe. Mimi shule niliiacha mwaka wa pili wa sekondari, kule Butembo, na kalamu naishika kama mtu anayeshika nyundo.

Unajua kwa nini naandika. Jumapili iliyopita ulikuja hapa kwangu Keshero na barua mbili. Moja imetoka kituo cha afya cha kampi ya wakimbizi, barabara ya Sake: wanataka uanze kazi mwezi ujao kwa diploma yako ya A2, ile uliyoipata baada ya miaka minne ya sekondari ya uuguzi. Ya pili imetoka shule ya juu: wamekupokea usome miaka mitatu mingine, utoke muuguzi wa A1. Ukaziweka mezani kando ya sahani ya samaki, ukasema, "Wazazi wangu, munisaidie. Nachagua gani?"

Na mimi, kama kawaida yangu, sikungoja mwingine afungue mdomo. Nikasimama.

"Muniangalie mimi! Niliingia katika muji huu na suruali moja. Leo niko na boti mbili pale Kituku, niko na depo ya mbao, niko na hii nyumba munayokula ndani yake, na wenye diploma ndio wanakuja kuniomba kazi. Mutoto, chukua kazi! Miaka tatu katika inchi ya vita? Hiyo ni kuchekesha watu."

Walipiga makofi. Baba yako alipiga kuliko wote. Wewe ukauliza kwa sauti ndogo, "Sasa mujomba, nikikuta mugonjwa mwenye kitu ambacho hawakunifundisha?"

Nikakujibu, "Utafanya kama mimi. Utajua mbele ya safari!"

Nyumba nzima ikacheka. Wewe hukucheka. Ukakunja barua zako, ukaenda kusaidia kuosha vyombo. Na tangu Jumapili, lile jibu langu linanikaa kooni kama mwiba wa samaki, kwa maana mimi nilishawahi kujua mbele ya safari, na safari yenyewe ilikuwa mwili wa mtu.

Niliyoyasema juu ya boti na nyumba ni kweli, sifuti hata neno moja. Nilivitolea jasho na sioni haya kuvitaja. Lakini sikukueleza kwa nini nilikwenda Kituku, kule gatini ziwani, na kabla ya Kituku nilikuwa wapi. Kaa chini, usome polepole.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Nilishuka Goma juu ya lori la kabichi, nikitafuta biashara, nikakuta mji umejaa watu hata pa kuweka mguu hakuna. Ulikuwa ule mwaka wakimbizi walipovuka mpaka kutoka ng'ambo. Walilala juu ya mawe ya volkano, yale mawe meusi yasiyokubali jembe, na maji waliyoyanywa ndiyo hayo hayo waliyoyaoga. Hazikupita siku nyingi, kipindupindu kikaingia. Niliyoyaona kando ya barabara sitakueleza. Wewe umesoma, unajua ugonjwa ule unavyomkausha mtu mzima akawa kama nguo iliyokamuliwa.

Watu wa misaada walikuwa wanatafuta mikono. Hawakuuliza diploma. Waliuliza, "Una nguvu?" Nikasema ninazo, na sikudanganya; nilikuwa kijana wa kubeba gunia la viazi kwa bega moja huku napiga mluzi. Wakanipa buti za mpira, ndoo na maji ya klorini. Kazi yangu ilikuwa kuteka maji, kubeba wagonjwa kutoka mlangoni, na kuosha chini ya vitanda.

Hema letu liliongozwa na muuguzi mmoja aliyeitwa Mama Masika. Alikuwa Mnande mwenzetu, wa upande wa Beni, mfupi, mwenye kutembea haraka na kusema polepole. Diploma yake ilikuwa A2, kama yako leo. Juu yake alikuwepo muuguzi wa A1, bwana mmoja mpole aliyetoka Bukavu, aliyezungukia mahema manne. Dokta mwenyewe tulimwona mara moja kwa wiki, na siku hiyo hata nzi walijua kuna mgeni.

Wagonjwa walituzidi. Wiki ya pili Mama Masika akanifundisha kubadilisha chupa za serum. Kipindupindu, dawa yake ya kwanza ni maji. Yanarudishwa mwilini kwa mshipa, na yanarudishwa mbio. "Kambale," aliniambia, "hapa hatuhesabu matone. Ukiona macho yameingia ndani na mukono umekuwa baridi, fungua yote, iteremuke kama mvua. Ikiisha, weka ingine."

Nikafungua yote. Mwanangu, sijui kama walikufundisha raha ya kazi ile. Mtu analetwa hasemi, hapepesi macho, ndugu zake wameshaanza kulia. Unafungua. Chupa mbili, tatu, anageuza shingo. Chupa nyingine, anauliza viatu vyake viko wapi. Kijana wa miaka kumi na tisa anayeona hivyo tangu asubuhi mpaka jua linazama, atajionaje? Nilijiona nimezaliwa na kitu mkononi.

Kisha wakanipa bluzi nyeupe, lile koti la kazi la wauguzi. Sababu ilikuwa ndogo tu: shati zangu zote zilikuwa zimeliwa na klorini. Lakini unawajua watu wetu. Kwetu yeyote aliyevaa nyeupe ni dokta. Anayefagia ni dokta, anayeandika majina mlangoni ni dokta, hata anayepita kuomba kiberiti, akiwa na nyeupe, ni dokta. Wiki ya kwanza waliponiita hivyo nilikataa. Ya pili nilinyamaza. Ya tatu, mtu akiniita Kambale nilikuwa nachelewa kuitika.

Baadaye kipindupindu kikapungua, na hema letu likawekwa wagonjwa wa malaria, wale wazito. Hao dawa yao ilikuwa kinini ya mshipa. Wewe unajua, lakini wengine watakaosoma karatasi hii hawajui, kwa hiyo naeleza: kinini inachanganywa katika chupa ya maji ya sukari, na inateremka tone kwa tone, masaa manne. Mama Masika alikuwa anabandika plasta kwenye kila chupa, ameandika saa ya kuanza na saa ya kumaliza. Mimi niliziona zile plasta. Nilidhani ni mambo ya kuwafurahisha wakubwa wakipita.

Siku yenyewe ilikuwa siku ya kugawa unga, karibu na saa sita mchana, kampi nzima imekwenda kupanga mstari. Wakaja kumwita Mama Masika mbio: mwanamke anazaa katika hema la tatu. Akavua glavu, akavaa nyingine, akanigeukia.

"Kambale, nakuachia macho tu. Usiguse kitu."

"Ndiyo, mama."

Alipotoka tu, mwanaume mmoja akaniita. Alikuwa mkimbizi, fundi wa baiskeli, Kiswahili alikijua vizuri kwa sababu ya kazi zake za mpakani. Mke wake alilala pale na malaria, amechangamka kidogo kuliko jana yake, mrija mkononi.

"Dokta," akasema, "samahani. Hii dawa ya bibi yangu inatembea kama kinyonga. Nimeihesabu tangu asubuhi. Wale wa kipindupindu muliwapa chupa nzima nzima, wakapona. Sisi tumekosa nini?"

Ungekuwa wewe, na elimu yako, ungemjibu. Mimi sikuwa na jibu. Na kusema sijui, mbele ya mtu anayekuita dokta, kulikuwa kugumu kuliko kubeba gunia. Nikaitazama ile chupa. Kweli, tone, halafu kimya, halafu tone. Nikamwonea huruma, hilo nalisema ili usidhani nilifanya kwa roho mbaya. Nikasema, "Ngoja, papa, sasa utaona," nikashika kile kigurudumu cha kufungulia, nikafungua yote. Ikateremka kama mvua.

Yule fundi akanipigia saluti. Akasema, "Si nilijua! Ni kijana huyu ndiye anayejua kazi hapa."

Haukupita muda mrefu yule mama akasema masikio yake yanapiga kengele. Nikamwambia ni dawa inafanya kazi. Akatapika. Nikamwambia ni ugonjwa unatoka. Kisha akalowa jasho, mkono ukawa baridi, macho yakaenda upande. Na mimi, Kavira, unajua nilifanya nini? Mkono baridi, macho yamebadilika: nilikimbia kuleta chupa ya pili. Ndivyo nilivyofundishwa. Jambo moja nililolijua vizuri duniani, nililitumia mahali ambapo lilikuwa linaua.

Mama Masika alinikuta na ile chupa mkononi. Hakuuliza. Aliruka, akaufunga mrija, akauchomoa, akashika mshipa wa shingo ya mgonjwa. Ndipo akauliza, "Nani amefungua?"

Yule fundi ndiye aliyejibu, kwa furaha kabisa: "Ni dokta, mama! Ametusaidia sana."

Mama Masika hakunitazama. "Kambale, inua miguu yake. Juu. Juu zaidi, na usiishushe." Akafungua sanduku la dawa, akatoa maji ya sukari ile nzito, akayavuta kwenye bomba la sindano na kuyaingiza mshipani, polepole, midomo yake inahesabu. Mimi nilikuwa nimeshika miguu ya mke wa mtu, ni mwepesi kama mtoto, nikasema moyoni: huyu amekufa, na mimi ndiye niliyemuua, na mume wake amesimama hapa ananishukuru.

Alifumbua macho. Sijui ilichukua muda gani. Mikono yangu ilikuwa imekufa ganzi nilipoambiwa, "Shusha." Aliishi, yule mama. Masikio yake tu ndiyo yalichelewa kurudi. Siku nyingi ilibidi kumsemesha kwa kupiga kelele.

Mama Masika hakuniambia neno siku hiyo. Alinipa ndoo yangu, nikaenda kuteka maji. Nikadhani yamekwisha. Kesho yake asubuhi, yule fundi akaja na jogoo. Jogoo mwekundu, mkubwa, katika kampi ambayo watu walikuwa wanapigania unga! Akaniwekea mikononi mbele ya wagonjwa wote.

"Dokta, wewe umemrudisha bibi yangu. Sina kingine."

Nilimpokea. Ndiyo, nilimpokea, nikasema asante papa, Mungu akubariki. Nikawa namfunga miguu nyuma ya hema pale Mama Masika aliponikuta.

"Huyu jogoo ametoka wapi?"

"Ni zawadi, mama."

"Ya kazi gani?"

Nikaendelea kukaza fundo.

"Murudishe," akasema. "Na umwambie ulichofanya. Chote."

"Mama, atanipiga!"

"Akupige. Pansema ziko, nitakufunga vidonda."

"Mama Masika, si mugonjwa amepona? Kuna faida gani ya kumwambia?"

"Kambale, huyu papa akirudi katika hema yake atawaambia watu: mukiona dawa inachelewa, mwambieni yule kijana afungue. Kesho watakuita kumi. Na ingine siku mimi sitakuwa karibu."

Nikaenda. Nilimkuta ananyoosha waya wa gurudumu. Nikasimama na jogoo wangu kama mwizi aliyekamatwa, nikamwambia yote: kwamba ile dawa ilitakiwa iende polepole, kwamba mimi ndiye niliyemwangusha mke wake, kwamba aliyemwinua ni yule mama mfupi. Akaacha kunyoosha.

"Kwa hiyo wewe si dokta."

"Hapana, papa."

"Muuguzi?"

"Hapana."

"Sasa wewe ni nani?"

"Nabeba maji."

Ngumi niliingoja, haikuja. Akasema kwa upole, na upole ule ndio ulioniumiza: "Mimi ndiye niliyekuambia ufungue. Tulikuwa wawili, wote hatujui. Lakini mimi sikuvaa nyeupe." Akamchukua jogoo wake, akampelekea Mama Masika.

Alasiri tulikaa nyuma ya hema, juu ya masanduku matupu ya serum, tukimnyonyoa yule jogoo kwa ajili ya chakula cha wagonjwa. Nikamwuliza Mama Masika alijuaje kwamba ni sukari iliyotakiwa. Nikasema, "Hiyo walikufundisha katika A2 yako?"

Akacheka kidogo, mara ya kwanza tangu jana yake. "Katika A2 walinifundisha: kinini, masaa ine. Nikakariri. Miaka sita nilifuata masaa ine bila kujua kwa nini si mbili, kwa nini si moja. Mutu angeniuliza, ningesema, ndivyo imeandikwa. Ni huyu mukubwa wetu wa A1 alinieleza, hapa hapa katika kampi. Kinini ikiingia mbio inaangusha presha, inachanganya moyo, inamaliza sukari katika damu. Alinieleza kwa sababu nilimuuliza, na kwa sababu siku ile alikuwa na nafasi. Angekuwa hana nafasi, jana ningefunga mrija tu, kisha ningekaa pembeni ya huyu mama nikimuombea."

Nikaendelea kunyonyoa.

"Angalia basi," akaendelea, manyoya yamemjaa mikononi. "Mimi nafuata amri vizuri, na kufuata vizuri ni kazi ya heshima, si kila mutu anaweza. Lakini ingine siku amri yenyewe inakuja na makosa. Mutu amechoka, ameandika masaa mbili mahali pa ine. Aliyekariri atafanya mbili. Anayejua kwa nini, atarudi kuuliza. Mimi nataka kuwa yule wa kurudi kuuliza. Vita ikinipa nafasi, nitaenda kusoma A1, hata nikiwa na nywele nyeupe. Na wewe Kambale, mukono wako ni muzuri, hauogopi damu. Rudi shuleni. Anza chini kabisa, lakini rudi."

Sasa hapa ndipo kosa langu la kweli lilipo, mwanangu. Lile la kinini lilikuwa la mtu asiyejua. Hili nililifanya nikijua. Nilivua bluzi siku ya mshahara, nikaondoka kampi bila kuaga, kwa sababu sikuweza kukaa darasani na watoto wadogo nikiwa nimezoea kuitwa dokta. Nikashuka Kituku, nikabeba magunia, nikabeba mbao, nikanunua mbao, nikanunua boti. Watu wakiniuliza nilisema niliacha uuguzi kwa kuwa hauna pesa. Wakinisifu nilisema, mnaona, bila shule! Nikalirudia hilo mpaka nikaliamini mwenyewe, na Jumapili nikakutupia wewe kama neno la Mungu.

Mama Masika nilimwona tena mara moja tu. Ilikuwa miaka mingi baadaye, wakati wa vita nyingine, boti yangu ya kwanza inapakia watu wa Bukavu. Mama mmoja mfupi akashuka gatini na begi la nguo begani na vitabu vimefungwa kwa kamba. Nywele zilikuwa zimeanza kuwa nyeupe kweli.

"Mama Masika! Unakimbia vita?"

"Sikimbii. Naenda kusoma. Wamenipokea A1."

"Kwa umri huu? Utakaa na wajukuu!"

"Wajukuu wanaona ubao vizuri. Nitanakili kwao."

Nikakataa nauli yake, nikampa nafasi nzuri karibu na injini palipo joto. Akanitazama. "Na wewe Kambale? Ulirudi shuleni?"

Nikafungua mikono yote miwili, nikasema kwa sauti watu wasikie, "Mama, unaona hii boti? Ni yangu!"

"Naiona," akasema. "Sikuuliza hiyo."

Boti ikaondoka. Nilibaki pale gatini, tajiri kama nilivyo. Alimaliza masomo yake, nilisikia, na akafundisha wauguzi huko huko Bukavu mpaka akastaafu.

Basi sasa sikiliza shauri langu, Kavira, na ulichukue mahali pa lile la Jumapili.

Nenda ukasome A1. Ile kazi ya kampi ni nzuri na watu wake wana shida kweli. Nimewaona wakipita hapa na magodoro kichwani, na moyo unauma. Lakini hao ndio hasa sababu ya kwenda. Katika kampi muuguzi anabaki peke yake. Dokta yuko mbali, barabara imefungwa, mkubwa wako yuko hema la tatu, na mgonjwa aliye mbele yako ana jambo ambalo daftari yako ya A2 haikuliandika. Swali lako la Jumapili lilikuwa swali la muuguzi, na jibu langu lilikuwa la mbeba maji aliyevaa nyeupe.

Watakuambia vita itakatiza miaka mitatu. Inaweza. Mimi nimeona shule zikigeuzwa malazi ya wakimbizi na walimu wakilala Himbi katika nyua za watu. Ikikatiza mwaka wa pili, utakuwa na mwaka mmoja kichwani, na utaanza tena pale ulipoachia, kama Mama Masika. Ile kazi nayo mradi wake ukifungwa watakuvua jileti, kile kizibao chenye nembo yao, na utarudi nyumbani na diploma ile ile. Wakati wa likizo nenda ukafanye kazi kama A2, uwasaidie, usisahau kazi ya mikono. Maana nimewaona na wale wa A1 wanaokaa nyuma ya meza mpaka wanasahau mgonjwa anavyonuka. Usiwe wa hivyo. Nitakupiga, na uzee wangu huu.

Habari ya karo usiiwaze, wala baba yako asiiwaze. Hiyo ni yangu, na atakayenishukuru hadharani nitakasirika. (Kidogo tu.)

Na wewe mwingine unayesoma karatasi hii, ambaye huna mjomba wa Kituku na A2 ndiyo mwisho wa uwezo wa nyumbani kwenu: ichukue na uinue kichwa. Aliyemrudisha yule mama alikuwa A2. Lakini uliza. Kila amri unayopewa, itimize, kisha ukipata nafasi mwulize aliyekupa: kwa nini hivi? Andika jibu. Usichoke kuuliza kwa kuogopa kuonekana mjinga, na siku mlango wa A1 ukifunguka, hata una wajukuu, ingia. Wakikuita dokta, wasahihishe siku ya kwanza, kwa sababu siku ya pili ni ngumu zaidi na siku ya tatu utakuwa umeshaitika.

Mimi Jumapili ijayo nitasimama tena mezani, mbele ya wale wale waliopiga makofi, nitawasomea hii. Nimeshamwambia mke wangu apike kwa wengi. Watacheka, waache wacheke.

Mwanangu, Mungu wa babu zako akutangulie njia ya shule na njia ya kurudi. Akukinge na risasi, na barabara mbovu, na kiburi cha mjomba wako. Akupe mkono mwepesi kwa mgonjwa, na mdomo usioona haya kusema "sijui, ngoja niulize". Wale utakaowainulia miguu wafumbue macho. Na siku utakapovaa nyeupe, iwe umeisomea mpaka uzi wa mwisho. Amina.